Mwezi wa Tatu wa Mimba: Siri Ikome Wapi?

Katika vijiji vyetu vya Kivu, mama aliyeona dalili za mimba hatangazi habari hiyo. Hunyamaza. Wenzake wakimwuliza kisimani mbona amekonda, hujibu kwamba ana malaria kidogo. Hata mumewe huambiwa kwa mafumbo, na pengine hukisia mwenyewe anapoona sahani ya samaki imesukumwa kando. Wazee walifundisha kwamba mimba changa haitajwi, isije ikasikiwa na wenye macho mabaya.

Sisi hatuwacheki wazee hao. Walikuwa wameona mengi. Mimba nyingi zinazoharibika huharibika katika miezi mitatu ya kwanza, na waganga wa hospitali wasema vivyo hivyo: nyingi hutoka kabla ya kwisha juma la 12. Mama aliyepiga mbiu mapema hulazimika baadaye kurudi kwa kila jirani na habari ya machozi. Kunyamaza mbele ya jirani basi ni busara. Lakini kunyamaza mbele ya mume na mbele ya mkunga ni jambo jingine kabisa, na hilo ndilo tunalotaka kulizungumza na wasomaji wetu.

Twamkumbuka mke wa mwalimu mwenzetu, aliyechukua mimba yake ya kwanza. Mamamkwe wake, mama mwema mwenye kumpenda, alimkataza kwenda kupimwa mpaka tumbo lijionyeshe lenyewe. Alipata homa mara mbili, akanywa vidonge vilivyobaki nyumbani, akapona nusu nusu. Alipofika kwa mkunga mwezi wa sita, midomo yake na viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa upungufu wa damu. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo sana, na kwa majuma mengi hatukujua kama angeishi. Aliishi. Leo amekaa darasa la kwanza. Lakini mamamkwe yule hata sasa hapendi kuisikia habari ya miezi ile, na sisi hatumlaumu, kwani hakuna aliyekuwa amemweleza.

Kwanza yafaa kujua kuhesabu. Waganga huhesabu majuma tangu siku ya kwanza ya damu ya mwezi iliyoonekana mara ya mwisho, wala si tangu siku ambayo damu ilikosa kuja. Mama zetu waliohesabu kwa mwezi wa mbinguni hawakukosea sana. Miezi mitatu ya mbinguni ni siku 88 au 89, yaani majuma 12 na siku chache. Mama asiyejua kusoma aweza kufunga fundo katika uzi kila mwezi mwandamo ukionekana. Mkunga mwenye akili hatamcheka, bali atamshukuru, maana wengi humjia bila hesabu yoyote.

Nini kinatendeka ndani wakati huo? Mwisho wa juma la 12 mtoto hajafika urefu wa kidole gumba cha mtu mzima, tangu utosi hadi matako. Hata hivyo karibu kila kiungo kimekwisha kuchukua mahali pake. Vidole vimeachana. Figo zimeanza kutoa mkojo. Mifupa iliyokuwa laini imeanza kuwa migumu, na moyo hupiga karibu mara 150 kwa dakika, yaani mara mbili ya moyo wa mama. Mtoto hujinyosha, hupiga mateke. Lakini ni mdogo mno hata mama asisikie. Miezi inayofuata ni ya kukua na kukomaa; kazi ya kuumba viungo imetendeka hasa katika majuma haya ambayo nyumba nzima ilikuwa bado imenyamaza. Ndiyo sababu pombe, tumbako, na dawa kali zilizonywewa bila shauri huogopwa zaidi katika miezi ya kwanza. Nasi twaongeza dawa za majani za kusafisha tumbo, ambazo bibi mmoja humpimia mwenzake kwa kiganja bila kujua nguvu zake.

Upande wa mama, mwisho wa mwezi wa tatu mara nyingi huleta nafuu. Kondo limekwisha kushika kazi yake ya kumlisha mtoto. Kichefuchefu hupungua kati ya juma la 12 na la 14, ingawa wako wanaoendelea kutapika hadi mwezi wa tano. Ule uchovu wa kulala mchana kama mgonjwa huondoka polepole. Mji wa mimba, uliokuwa umejificha ndani ya nyonga, huanza kuinuka juu ya mfupa wa kinena, na mkunga aweza kuugusa kwa ncha za vidole. Kibofu nacho hupata nafasi kidogo, na mama haendi tena nje kila saa. Matiti hubaki mazito, choo huwa kigumu, na machozi huja bila sababu. Waume wengi hushangazwa na machozi hayo na kuyachukua kuwa kiburi. Si kiburi.

Yako pia mambo ambayo si ya kungojea hata siku moja: damu inayotoka, iwe nyingi au kidogo, maumivu makali upande mmoja wa tumbo pamoja na kizunguzungu au kuzimia, kutapika hata maji yasikae tumboni, homa, kukojoa kwa maumivu. Yale maumivu ya upande mmoja huonekana zaidi mapema, kabla ya mwezi wa tatu kwisha, nayo yaweza kuwa ni mimba iliyotunga nje ya mji wake. Huua kwa muda wa saa chache. Mama aliyeificha mimba yake hata kwa mumewe, nani atajua maana ya kuanguka kwake?

Na mimba ikiharibika? Hapa twasema kwa nguvu, kwa kuwa tumeona ndoa zikivunjika kwa neno hili. Mimba nyingi zinazotoka mapema, nusu yake na zaidi, hutoka kwa sababu mbegu ya uhai ilikuwa na kasoro tangu siku ile ya kuungana. Hazikutoka kwa sababu mama aliinua ndoo ya maji, wala kwa sababu aligombana na wifi yake, wala kwa jicho la jirani. Kumwuliza mama aliyefiwa hivyo, "Ulifanya nini?" ni kumpiga mara ya pili. Apelekwe kwa mganga apimwe, apumzike, na watu wa nyumbani wamhurumie.

Kuna kisa kingine cha miezi hii ambacho ni cha kwetu hasa. Kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, kilijulikana zamani kwa ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe mkubwa wa shingo. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Ubelgiji walikwenda huko, wakawapima watu. Waliona kwamba udongo na chakula cha kisiwa kile vilipungukiwa na iodi, na baadaye ikafahamika kwamba mihogo isiyotengenezwa vizuri huzidisha ubaya huo. Lina uhusiano gani na mimba? Tezi ya shingo ya mtoto huanza kazi yake karibu na mwisho wa mwezi wa tatu, tena kwa udhaifu. Mpaka hapo, ubongo wake hujengwa kwa nguvu ya tezi ya mama peke yake. Mama akipungukiwa sana na iodi, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi, au akakua mfupi na mzito wa fahamu, na hakuna dawa ya kurudisha kilichokosekana. Dawa ya kuzuia ni nyepesi kushinda zote: chumvi yenye iodi, kidogo kila siku. Iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto na jua, na itiwe chunguni chakula kikikaribia kuiva, maana iodi hupotea kwa joto. Mihogo michungu iloweshwe siku za kutosha na kuanikwa vizuri. Hatusemi watu waache ugali wao. Waule pamoja na maharagi, lengalenga, sambaza wa ziwani, na yai linapopatikana, ambalo baba asilikatae kwa kisingizio cha miiko. Na ule udongo mweupe unaouzwa sokoni, ambao mama wajawazito huutafuna kwa hamu, huzuia chuma cha chakula kisiingie katika damu, na pengine huleta minyoo.

Sasa twende kwa mkunga. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri mama apimwe walau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya juma la 12 kwisha. Atapimwa damu, atapimwa kaswende na virusi vya ukimwi, kwani ikigunduliwa mapema mtoto aweza kukingwa. Atapewa vidonge vya chuma na foliki, na chandarua chenye dawa. Atachanjwa pepopunda ikiwa chanjo zake hazijatimia. Tangu juma la 13 aweza kuanza vidonge vya kuzuia malaria, vitatu kwa mara moja, mbele ya mkunga. Kisha hurudia baada ya mwezi, walau mara tatu kabla ya kuzaa. Kabla ya juma hilo vidonge hivyo havitolewi. Mama aliyekuja mwezi wa saba hawezi tena kuzipata zamu zake zote. Hesabu ya mafundo katika uzi ina faida yake hapo.

Baba unayesoma ukurasa huu, usimtume mkeo peke yake siku ya kwanza. Keti naye kwenye benchi. Twajua kwamba wanaume huona haya kukaa kati ya akina mama, na wengine wetu tulisimama nje chini ya mti kama watu waliopotea njia. Ingia. Utasikia kwa masikio yako mambo ambayo mkeo, akiyasema nyumbani, mama yako hangeyakubali. Wewe ukiyasema, atayakubali.

Neno moja dogo kwa wanaokwenda mara ya kwanza. Mkunga akiweka juu ya tumbo ile pembe ya mti ya kusikilizia, mwezi wa tatu hatasikia kitu, na msiogope. Pembe ile husikia moyo wa mtoto karibu na mwezi wa tano. Mahali penye chombo cha umeme moyo husikika mapema, pengine katika majuma haya haya. Na mateke yenyewe, mama wa mimba ya kwanza huyasikia karibu na juma la 18 hadi 20; aliyekwisha kuzaa huyatambua mapema zaidi, kwa kuwa ameyazoea.