Bunia: Sukari na hamira zaweza kulisha mimea ya akwariamu, lakini samaki wachungwe

Chupa ya plastiki, sukari, hamira ya mkate na mrija mpya wa serum: hivyo vyatosha kutengeneza nyumbani gesi ya kaboni ambayo mimea ya akwariamu inahitaji ili ikue. Gesi hiyohiyo ikizidi, samaki wanakufa usiku mmoja.

Mmea ndani ya maji unaishi kwa mwanga, chumvi za udongo na gesi ya kaboni. Katika sanduku dogo la kioo la lita 40 au 60, gesi ya samaki peke yao haitoshi mimea mingi. Majani yanageuka manjano, na ukungu wa kijani unatawala kioo.

Kazi ya hamira inajulikana na kila anayepika kasiksi: inakula sukari, inatoa pombe na gesi. Tia gramu 200 za sukari na lita moja ya maji vuguvugu katika chupa ya lita moja na nusu, kisha nusu kijiko cha chai cha hamira. Maji ya moto yanaua hamira. Toboa kifuniko, pitisha mrija, ziba pembeni kwa gundi. Mrija upite kwanza katika chupa ndogo yenye maji, ili povu la pombe lisifike kwa samaki.

Kwa kawaida mapovu yanaanza ndani ya siku moja na yanadumu wiki mbili hivi. Usiku wa baridi yanapungua. Usitumie chupa ya kioo, wala usizibe mrija: gesi ikikosa njia, chupa inapasuka.

Hatari kubwa inakuja usiku. Mchana, penye mwanga, mimea inatumia gesi ya kaboni na kutoa oksijeni. Giza likiingia, mimea nayo inavuta oksijeni kama samaki, lakini hamira hailali. Tena Bunia iko juu, zaidi ya mita 1 200, na maji ya mahali pa juu yanashika oksijeni kidogo kuliko ya pwani. Kwa hiyo toa mrija majini jioni, urudishe asubuhi. Ukiona samaki wanahema juu ya maji, ondoa mrija mara moja, badilisha theluthi ya maji na uyakoroge.

Wakaaji wa mashariki mwa Kongo wanaijua gesi hii kwa jina lingine. Karibu na Goma inatoka ardhini na kutulia mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Huko wanaiita mazuku, nayo inaua watu na mifugo. Nyingi sana imelala chini ya Ziwa Kivu. Chupa moja haifikii hapo, lakini usipange nyingi katika chumba kisicho na dirisha.

Asiyetaka shida hiyo ana njia nyingine. Anubias, mmea wa mito ya Afrika ya Kati ambao wafugaji wa samaki wa Ulaya wanaununua madukani, unakua polepole, unavumilia mwanga mdogo na hauhitaji gesi ya kuongezwa. Ufunge tu juu ya jiwe au kipande cha mti. Shina lake likizikwa mchangani, linaoza.