Matatu ya Mjomba Kuzima Njiani: Kisa na Maana

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nilikuwa nikiitia katika insha ili nipate alama tu, hadi likizo ya Agosti iliyopita nilipouona ufa wenyewe kwa macho yangu. Haukuwa ukutani. Ulikuwa kwenye mpira wa mafuta, mfupi kuliko ukucha wangu.

Mjomba wangu ana matatu ya dizeli inayobeba abiria kutoka hapa kwetu Tala hadi Nairobi kwa barabara ya Kangundo. Ni kuukuu, lakini ndiyo inayonilipia karo mimi na binamu zangu wawili. Siku hiyo tulitoka alfajiri, mimi nikiwa nimeketi mbele. Tulipopita Malaa, matatu ikaanza kukosa nguvu, ikakohoa mara mbili tatu, halafu kimya. "Asi!" mjomba akasema, akaiongoza hadi kando ya barabara.

Hapo kila abiria akageuka fundi. Mmoja alisema ni betri. Mwingine akaapa kuwa dizeli ilichanganywa na mafuta taa. Fundi aliyeitwa kutoka karibu alifungua boneti, akachungulia kidogo, akasema, "Mzee, pampu imekufa. Hii ni ya kushushwa." Msomaji, pampu ya dizeli si mchezo! Bei yake ingemeza karo ya muhula mzima. Mjomba alinyamaza, kisha akampigia simu fundi wake wa Tala, mzee aliyezeekea katika jua kali. Akaambiwa, "Msifungue kitu. Ningojeni."

Kabla ya kueleza alichofanya, yafaa tujue injini ya dizeli hutaka nini. Injini ya petroli huwashwa na cheche za plagi. Ile aliyoionyesha Rudolf Diesel kule Augsburg, Ujerumani, mwaka wa 1897, haina cheche. Umewahi kujaza baiskeli upepo ukahisi pampu imepata moto? Siri ni hiyo hiyo. Hewa ndani ya silinda hubanwa hadi ibaki katika nafasi ndogo sana, kama sehemu moja ya ishirini, na joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Kwa hivyo, injini hiyo ikizima, basi imekosa hewa, au mbano, au dizeli. Kazi ya fundi ni kujua ni kipi kati ya hivyo vitatu.

Mzee alipofika hakugusa spana. Alianza kwa maswali.

"Ilizima kwa kishindo? Ilichemka?" Mjomba akasema la, na mshale wa joto ulikuwa katikati kama kawaida. Swali hili hutangulia kwa sababu injini iliyochemka au kugonga ukiilazimisha kwa stata utaimaliza.

"Stata inazungusha?" Ilizungusha vizuri, kwa sauti ile ile ya kila siku. Basi betri ikatoka katika orodha ya washukiwa. Tena mbano ulikuwapo, kwani mkanda wa taimingi ukikatika, stata huzunguka kwa wepesi usio wa kawaida.

"Ekzosi inatoa moshi?" Hakuna aliyekuwa ametazama! Nikatumwa nyuma, mjomba akapiga stata. Sikuona hata uzi wa moshi. Mzee akanifafanulia: moshi mweupe wakati wa stata huonyesha kuwa dizeli inafika lakini haiwaki, moshi mweusi, dizeli imezidi hewa, bila moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda.

Sasa ilibaki kujua inakwama wapi. Juu ya pampu kuna sumaku ndogo ya umeme inayofungulia mafuta. Ufunguo ulipogeuzwa tukaisikia ikilia "tik". Hiyo nayo ni nzima. Kisha mzee akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Kwa kawaida ukiibonyeza mara kadhaa huwa ngumu. Hii ilibaki laini kama kitumbua. Akalegeza skurubu ya kutolea hewa: povu likatoka kama la sabuni.

"Hiyo ni hewa," akasema. "Dizeli haitoki na povu."

Yule abiria wa mafuta taa hakukubali. Na kweli, mchezo huo umewahi kutusumbua Kenya hata serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018. Mzee akakinga mafuta ya filta kwenye chupa ya soda, akaiacha itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hivyo yangeshuka chini. Hayakuwapo. Kuhusu mafuta taa alisema kuwa hayo hukwaruza pampu polepole kwa sababu hayalainishi vizuri, lakini hayatii hewa kwenye filta.

Tukaufuata mpira unaotoka tangini. Pale ulipobanwa na klipu palikuwa na ufa. Nikauliza, "Babu, mbona hapakuvuja hata tone?" Akacheka. "Hapa mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Ufa hautoi dizeli nje, unafyonza hewa ndani." Akakata kipande kibovu, akafunga klipu mpya, akatoa hewa yote, na matatu ikanguruma. Saa moja haikuisha. Pampu haikuguswa.

Kisha akamwuliza mjomba swali la mwisho: "Asubuhi ilikuwa inawaka mara moja?"

Mjomba akainamisha kichwa. "Kama wiki mbili hivi imekuwa ikisumbua."

Hapo ndipo penye maana. Kila usiku hewa iliingia kupitia ufa ule na dizeli ikarudi tangini, ndiyo maana asubuhi stata ilichoka. Matatu ilikuwa imesema siku kumi na nne. Sisi ndio tuliosikia "ghafla".

Tahadhari moja, msomaji. Usiweke kidole mbele ya nozeli inayonyunyiza, maana dizeli hupenya ngozi. Na magari mapya ya dizeli yana msukumo unaopita mara elfu moja wa hewa ya kawaida. Paipu zake usizilegeze, mwachie fundi mwenye vifaa.

Lakini maswali hayana hatari, wala hayagharimu hata senti. Uliza kwanza, fungua baadaye. Karo yangu ya muhula huu ililipwa kwa sababu mzee mmoja aliuliza kabla ya kushika spana.