Jahazi la Kandambili

Hapa Dodoma kandambili ikikatika tunaifunga waya. Ikishindikana, tunaitupa korongoni.

Huko Lamu, Kenya, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la plastiki chakavu, wakaliita Flipflopi. Lina urefu wa mita 9, nalo limevikwa kandambili zipatazo 30,000, zilizookotwa fukweni na watu waliojitolea. Mwaka 2019 lilisafiri kilomita 500 hadi Zanzibar.

Je, hiyo ni sanaa? Mwaka 1917 Mfaransa Marcel Duchamp alipeleka chombo cha kukojolea kwenye maonyesho New York, kikakataliwa. Hoja yake ilikuwa kwamba wazo ndilo sanaa, si ustadi wa mkono. Chombo kile, nakiri, hunitatiza. Jahazi nalielewa: rangi zake hakuzichagua mchoraji, ni za kandambili tulizonunua sokoni wenyewe. Aliyeokota ni msanii, na aliyetupa naye yumo.

Nasi wa bara tusijitoe. Maji ya mashariki ya mkoa wetu huingia mto Kinyasungwe, kisha Wami, hadi Bahari ya Hindi karibu na Saadani.