Mtoto Ajisomee, Lakini Nani Kamfundisha Kujisomea?

Neno "jisomee" ni rahisi mdomoni. Machi 2020, shule za Tanzania zilipofungwa kwa sababu ya korona, mamilioni ya watoto waliambiwa wajisomee nyumbani, na vipindi vya masomo vikarushwa redioni na kwenye televisheni hadi shule zilipofunguliwa Juni.

Nyumbani kwa nani? Mtoto wa karani ana taa, meza na baba anayeuliza. Mtoto wa mama ntilie anachota maji, anaosha masufuria, anambembeleza mdogo wake, na daftari analifungua saa tatu usiku. Huyu akisinzia anaitwa mvivu.

Ada za sekondari za serikali zilifutwa Januari 2016 hadi kidato cha nne. Hilo ni jema, ila muda wa kusoma haukuja pamoja na msamaha wa ada.

Halafu kuna lugha. Mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta biolojia na hesabu ni kwa Kiingereza. Mzazi aliyeishia darasa la saba anarudi nyuma, anaona hana la kusaidia. Mtoto naye anakariri asichokielewa, na kukariri hakumpi mtu uwezo wa kujisomea.

Hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Anayesahihisha zoezi na kuandika "rudia hapa, umekosea hatua ya pili" anamfundisha mtoto kujikagua mwenyewe. Anayeweka alama ya kosa tu hamfundishi hilo. Lakini tusiwaonee walimu: mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 60 ana madaftari 180, na kwa dakika mbili kila moja ni saa sita. Mkuu wa shule anayeacha darasa moja wazi jioni, lenye taa na mwalimu wa zamu, husaidia kuliko hotuba kumi za mahafali.

Sisi tulio ughaibuni tunatuma fedha za tuisheni, kisha tunapiga simu na kuuliza, "Umekuwa wa ngapi?" Ndugu msomaji, Jumapili hii muulize mpwa wako jambo jingine: leo umesoma nini, nieleze kwa Kiswahili. Akikwama, usimkaripie. Mwambie akamuulize mwalimu wake Jumatatu, na wiki ijayo akueleze alichojibiwa.