Mafiga ya chuma kwa moto wa gazi: yasimame imara kabla pombe haijachemka

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mwenye nyumba,

Leo tuache kofia na viatu vya kazi, twende nyuma ya nyumba, mahali mama anapopika pombe ya mtama.

Siku moja ya mvua walituletea kwenye dispanseri mama mmoja wa Bunagana. Sufuria yake ya litre 50 ilikuwa juu ya jiko la gazi, na jiko lenyewe lilikaa juu ya jante ya gari. Jante iliteleza juu ya mawe. Pombe iliyokuwa ikichemka ikamwagika, ikamchoma toka goti mpaka vidole. Mtoto wake alikuwa ametumwa maji dakika chache mbele. Ndiyo maana tulipokea mgonjwa mmoja, si wawili.

Kasiksi ya ndizi haitaki moto mwingi, lakini pombe ya mtama lazima ichemke. Kuni zimelowa, makala ni ghali, basi watu wananunua chupa ya gazi. Si vibaya. Ubaya ni kuweka moto mkali juu ya kitu kisichosimama. Litre 50 za maji ni kilo 50, sawa na mfuko mmoja wa simenti, na uzito wa sufuria bado. Je, ungeweka mfuko wa simenti unaochemka juu ya jante?

Ukienda kwa mchomeleaji, mwambie hivi:

1. Mafiga yawe mafupi, yasipite goti lako. Sufuria iliyo juu sana huanguka upesi, na kinachomwagika huenda kifuani.

2. Miguu minne, iliyotanuka kupita upana wa sufuria. Chini ya kila mguu achomelee kipande cha bati nene, usizame katika udongo wetu mwepesi wa volkano.

3. Juu aweke ukingo wa chuma, ili sufuria isiteleze unapokoroga.

4. Aweke bati kati ya moto na mpira wa gazi. Bati la kuzuia upepo lisifunge jiko pande zote: moto unahitaji hewa, na joto lisirudi kwenye chupa.

5. Sufuria ikiwa na robine chini, utatoa pombe bila kunyanyua mzigo wa moto.

Fûti lililobeba mazuti au dawa za chimbo usilikate kufanya sufuria. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka mbele ya mchomeleaji, na sumu haitoki kwa kuosha.

Mafiga yakifika nyumbani, jaza sufuria maji baridi, uyasukume kwa mkono kabla ya kuwasha. Yakitikisika, sawazisha udongo kwanza.

Sasa juu ya gazi yenyewe. Wewe uliyekaa Goma au Sake unajua mazuku, ile hewa mbaya inayolala mashimoni na kuua mbuzi, hata watu. Gazi ya propani ina uzito sawa na ile ya mazuku: zote mbili zinazidi hewa karibu mara moja na nusu. Ikivuja haipandi juu. Inatambaa chini, inajaa shimoni, inangoja cheche. Tofauti ni kwamba ya chupa imetiwa harufu. Basi chupa isimame wima, mbali na moto, kamwe si ndani ya shimo. Tumia mpira wa gazi, si ule wa maji, wala usiondoe detanderi ili moto uzidi. Paka maji ya sabuni kwenye viungo: mapovu yakitokea, funga chupa.

Mvua ikinyesha, usiingize jiko hili nyumbani. Moto mkubwa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na wengine hawaamki. Jenga kibanda cha bati kisicho na kuta. Katika chimbo hukubali kufanya kazi pasipo hewa. Mbona ukubali nyumbani?

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Vua pete na bangili mapema. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta, usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, umlete kwetu.

Baba, siku ya mshahara, kabla ya kuonja, piga magoti utazame miguu ya mafiga. Watoto wawe mbali, na anayechunga moto asinywe mpaka moto uzimwe. Pombe inaweza kungoja.

Msaidizi wenu wa dispanseri