Kwa Nini Gesi Yetu Haiingii Kwenye Mtungi



Katika vijiji vya Newala na Masasi, yakizungumzwa mambo ya nishati safi ya kupikia, haipiti muda mtu atasimama aulize: "Gesi inatoka hapa hapa kwetu Mtwara. Mbona mtungi tunauziwa ghali, na tena unatoka mbali?" Anayeuliza hivyo si mkorofi. Ni swali la haki, na hapana budi lijibiwe kwanza, kabla hujaambiwa uache kuni.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, upande wa Msimbati. Karibu yote ni gesi ya aina moja iitwayo methani. Methani ni nyepesi mno, na haikubali kirahisi kugeuzwa maji. Ukitaka igeuke, lazima uipoze mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, na mitambo ya kazi hiyo ni ya fedha nyingi sana. Ukitaka kuishindilia hivyo hivyo ikiwa hewa, unahitaji chupa nene na nzito, kama zile zinazofungwa kwenye magari yanayotembea kwa gesi kule Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo methani husafiri kwa bomba. Bomba kubwa la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, nalo hulisha mitambo ya umeme na viwanda. Nyumba kadhaa za Mtwara mjini na za Dar es Salaam zimeunganishwa pia, lakini ni zile tu zilizofikiwa na mabomba madogo.

Gesi ya mtungi ni nyingine kabisa. Hiyo ni mchanganyiko wa propani na butani. Hizi mbili zikisukumwa kidogo tu hugeuka maji, ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia kitu kinacheza ndani. Hupatikana kwenye viwanda vya kusafisha mafuta na kwenye visima vya nchi nyingine. Kwetu Tanzania mafuta ghafi hayasafishwi tena. Kiwanda cha TIPER kiliacha kazi hiyo mwaka 1999. Basi gesi hiyo hununuliwa ng'ambo, meli huishusha Dar es Salaam na Tanga, halafu malori huipandisha mpaka dukani kwako. Bei ikipanda huko nje, au shilingi ikishuka, wewe wa Kitangari unaona. Mtungi ule na Mnazi Bay hawajapata kuonana.

Mwaka 2013 kulikuwa na maandamano na ghasia Mtwara kwa ajili ya bomba lile. Watu walitaka kujua mwenye ardhi atapata nini. Swali lile halijazeeka. Ila sehemu moja ya jibu iko juu ya dari yako, kama umeme umekufikia. Kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi ilikuwa haijaungwa na gridi ya taifa, na umeme wake ulitoka kwenye mitambo ya Mtwara inayochoma gesi ya Mnazi Bay. Aliyewasha taa Newala au Masasi miaka hiyo aliwasha gesi ya kwao, ila imekuja kwa waya badala ya mtungi.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi: gesi, umeme, gesi ya samadi, na mkaa mbadala. Nyuma ya jambo hili kuna Mapatano ya Paris ya mwaka 2015, ambayo Tanzania iliyaridhia mwaka 2018, ya kupunguza moshi unaoongeza joto la dunia. Tena mwaka 2023, huko Dubai, mataifa yalikubaliana kuanza kujiondoa katika makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Hapo mtu makini atashtuka. Dunia inasema iache gesi, sisi tunaambiwa tuishike? Ni kweli, na haifai kufichwa: gesi ya mtungi nayo ni mafuta ya kuchimbwa. Lakini pima upande wa pili. Tanuru la kienyeji likipewa kilo 100 za magogo hutoa mkaa wa kilo 10 mpaka 20 tu. Nyingine zimekwenda na moshi. Miombo ya Masasi ikikatwa bila kuachwa ichipue, hakuna cha kuuvuta moshi ule tena. Kisha kuna mapafu ya mama. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu zaidi ya milioni 3 duniani. Na waliojaza anga kwa moshi si wapika ugali wa muhogo wa Newala. Ni nchi za viwanda, na hizo ndizo zenye deni kubwa la kupunguza. Jiko lako libadilike kwa faida yako kwanza.

Tatizo liko kwenye mfuko. Fedha ya korosho huja kwa msimu. Mnada unapigwa kuanzia Oktoba, malipo yanapitia chama cha msingi, na ikifika kifuku mfuko umekwisha. Mtungi wenyewe haujui msimu. Unaisha Februari vile vile. Wengi walionunua au kupewa mtungi wameuweka pembeni kwa sababu hii, wala si kwa ujinga. Kwa maoni yetu, vyama vya msingi vingefaa kulizungumza katika mikutano yao: mwanachama akatwe kidogo kidogo wakati wa malipo, kifuku achukue gesi. Mbona salfa tunaipangia mapema?

Usijilazimishe kuacha kuni kwa siku moja. Mtungi mdogo wa kilo 6 utumie kwa chai, uji na kupasha mboga. Mbaazi na kunde ziloweke tangu usiku, zitaiva upesi kwa moto wowote ule. Mwenye umeme aulizie sufuria ya presha ya umeme: chungu cha maharage hakimalizi uniti moja, na mara nyingi huwa nafuu kuliko mkaa.

Na kuni zitakazobaki zitoke shambani kwako. Mikorosho inapopogolewa baada ya mavuno, matawi yaliyokufa na yale yanayogusa chini hutoa kuni za kutosha kwa muda mrefu, na hewa ikipita vizuri ndani ya mti, ubwiriunga nao hupungua nguvu. Yakaushe matawi hayo kabisa kabla ya kuyachoma. Kuni mbichi ni moshi mtupu. Jiko la udongo wa kichuguu lenye kuta, sufuria ikakaa sawasawa mdomoni, litakula kuni chache kuliko mafiga matatu.

Jambo moja tu, mama: maganda ya korosho usiyatie jikoni. Yanawaka kweli kweli, lakini mafuta yake huunguza ngozi, na moshi wake huwasha macho na kifua. Ukibangua nyumbani, kaangia nje, upande ambao upepo hauwapelekei watoto, na maganda yaache huko huko.