Mzee Anatembeaje? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi vumbi la silika linavyoharibu mapafu ya wanaoponda na kusaga mawe ya dhahabu Nyarugusu, Mgusu na kwingineko Geita. Picha ya eksirei huonyesha makovu, lakini haisemi kama mgonjwa atafika kwake kwa miguu. Kwa hilo lazima atembee.

Inatakiwa njia tambarare ya mita 30, saa na kiti. Mgonjwa apumzike dakika 10, kisha aende na kurudi kwa dakika sita bila kukimbia. Akichoka asimame, hata aegemee ukuta, ila saa iendelee. Mwishoni hesabu mita alizotembea. Anayepima asitangulie: mzee mwenye heshima zake hakubali kuachwa na kijana, atajikaza na kipimo kitaharibika. Aliyepata shambulio la moyo ndani ya mwezi mmoja asipimwe kabisa.

Kipimo hiki kilitokana na mbio za dakika 12 za Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, mwaka 1968. Mwaka 1976 zikageuzwa matembezi kwa wagonjwa wa kifua, na mwaka 1982 ikaonekana dakika sita zinatosha. Mwenye silikosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la silika, anaweza kuwa na oksijeni nzuri akiwa amekaa kwenye benchi, ikashuka mara anapotembea. Kifaa cha kubana kidoleni huonyesha hilo papo hapo.

Kwa mzee ambaye hajawahi kushuka duarani, yaani shimoni mwa mgodi, mita nne zinaweza kutosha. Akitumia sekunde tano au zaidi kwa mwendo wake wa kawaida, achunguzwe misuli na hatari ya kuanguka.

Hata hivyo, sakafu ya zahanati si njia ya lamboni. Udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga hunata na kuteleza masika, kiangazi ukapasuka nyufa za kumeza mguu. Kwa hiyo naomba wauguzi waulize pia: “Shikamoo bibi. Ukienda kuteka maji unapumzika mara ngapi?” Atajibu hapumziki hata mara moja. Mdadisi kidogo, utasikia kwamba ndoo siku hizi anabeba mjukuu, na mnadani hajaenda tangu mavuno. Wajukuu wema huficha ugonjwa bila kukusudia. Jibu hilo liandikwe kwenye faili pamoja na tarehe, kando ya zile mita.

Juma lijalo: nani anahitaji mkongojo, na urefu wake upimweje.